Kuhamia Loiyangalani na watoto watatu kutoka Nairobi: tujipange vipi?

Mama Watatu (Umoja, Nairobi)

Habari zenu wadau. Barua ya uhamisho imetoka, ni Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, na nahitajika kuripoti kabla shule hazijafunguliwa Januari. Tuko watu wazima wawili na watoto watatu: wa miaka 11 anaingia Gredi ya 6, wa pili ana 7, kitinda mimba ana 4. Nyumba ipo, vyumba viwili, paa la mabati, umeme hakuna.

Nauliza njia na mizigo, maji, joto, dawa, shule. Halafu kuna la watoto wenyewe, ambalo watu huliruka. Wakishakuwa wakubwa ningependa wapakumbuke kama kwao, wasipakumbuke kama mahali walipotupwa. Naomba majibu ya mtu anayejua. Yale ya "mtazoea tu" nimeshapewa ya kutosha hapa ofisini.

Mzee wa Laga

Mama, hizo ni safari mbili, usizihesabu kama moja. Ya kwanza ni lami tupu: Nairobi, Isiolo, Archers Post, Laisamis. Basi lolote la Marsabit au Moyale linapita hapo. Ya pili inaanzia Laisamis ukikata kushoto. Hiyo ni barabara ya kilomita 208 iliyotengenezwa upya kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo wa Sarima, ule wenye mitambo 365. Ilipanuliwa na kushindiliwa ili malori yapitishe vyuma virefu vya mitambo, lakini ni changarawe. Ukishapita Sarima, kipande cha kuteremka ziwani kina mawe meusi ya volkano, na ncha zake hukata tairi ubavuni. Ubavu ukichanika hakuna kiraka cha kuusaidia, tairi limekwisha. Kwa hiyo gari liwe na spea mbili zilizojaa upepo, jeki, na ubao wa kuweka chini ya jeki, maana jeki peke yake inazama mchangani.

Na watoto, usijaribu kumaliza yote kwa siku moja. Laleni Isiolo au Laisamis, muondoke Laisamis saa kumi na mbili asubuhi. Usiku barabara ile si ya familia: ngamia hulala njiani, na gari likiharibika hupati msaada hadi kesho. Kabla ya kuondoka pita kituo cha polisi uulize hali ya usalama ya siku hiyo, si ya wiki jana. Mtu akikushauri upitie Maralal na Baragoi kwa sababu kwenye ramani inaonekana fupi, muulize yeye alipita lini.

Laga ndizo zinazoua watu wasiozijua. Utaona mto mkavu, mchanga mweupe, mbingu safi. Mvua inanyesha Nyiro au Ndoto, milimani mbali, na maji yanateremka baada ya saa kadhaa yakiwa na magogo. Ukikuta maji yanakimbia, simama upande huohuo ulipo, zima gari, pikia watoto chai. Mara nyingi yanapungua siku hiyohiyo. Usivuke kwa kufuata lori: lori ni zito na injini yake iko juu, la kwako litaelea. Januari kwa kawaida ni kiangazi, mmepangiwa mwezi mzuri. Ingekuwa Aprili au Novemba ningekwambia uombe kuahirisha.

Mizigo iende kwa lori wiki moja kabla yenu, na kuwe na mtu wa kuipokea. Patana bei kwa mzigo wote ukiwa umeshaonyesha mzigo wenyewe, lipa nusu, nusu ikifika. Barabara ya changarawe ina mikunjo inayotikisa kila kitu kwa saa nyingi, kwa hiyo nati zinafunguka, vioo vinasagana, vumbi linaingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Nguo na vitabu viingie kwanza kwenye mfuko wa plastiki, ndipo kwenye gunia au katoni. Katoni ya vitabu isizidi kilo 15, zaidi ya hapo kitako kinapasuka wakati wa kushusha. Mafuta ya kupikia yakae mbali na unga. Mtungi wa gesi usafiri wima, umefungwa kamba, regyuleta imetolewa. Na watoto wasipandishwe juu ya lori hata dereva akisema kuna nafasi nzuri.

Fundi Tangi

Maji ndiyo yatakayoamua kama mtakaa vizuri au la, nitaandika kwa urefu.

Maji ya Ziwa Turkana si ya kunywa. Ziwa halina mto unaotoka, maji yanaondoka kwa kukaushwa na jua peke yake, kwa hiyo chumvi, magadi na floraidi vinabaki na kuongezeka. Mji wenyewe unaishi kwa chemchemi, lakini hata maji ya chemchemi au ya kisima kirefu huku kaskazini usiyaamini kwa kuonja tu, maana floraidi haina ladha wala rangi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kudumu hutengenezwa ndani ya ufizi tangu utotoni hadi miaka 8 hivi. Floraidi ikizidi wakati huo, jino huota likiwa na madoa meupe au ya kahawia, na hayo hayatoki kwa mswaki. Mwanao wa miaka 11 ameshapita hatari ya meno ya mbele, wa 7 yuko ukingoni. Wa miaka 4 ndiye wa kulindwa hasa.

Jambo linalowaponza wengi ni kuchemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi haipungui. Maji yakipungua sufuriani, kinachobaki kina floraidi nyingi zaidi kwa kila kikombe. Klorini nayo haiigusi. Mchujo wa kawaida wa mshumaa wa kauri hauigusi. Kati ya zinazofanya kazi kuna hizi mbili: mkaa wa mifupa, na mashine ya kusukuma maji kwenye utando mwembamba, ambayo inahitaji umeme. Mkaa wa mifupa hujaa baada ya muda na hautoi dalili yoyote ukijaa, maji yanatoka maangavu vilevile. Asiyepima hajui kama bado unafanya kazi.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kabla ya kuhamisha watoto, mwambie mtu aliyeko huko achukue maji ya bomba mnalotarajia kutumia. Chupa iwe ya plastiki, lita moja, isiwe ya kioo kwa sababu floraidi hushikana na kioo na kuharibu kipimo. Aisuuze mara tatu kwa maji yaleyale, aijaze hadi mdomoni, aandike tarehe na mahali. Waulize ofisi ya maji ya kaunti mjini Marsabit, au peleka maabara yoyote ya maji hapa Nairobi. Mkijua namba mtajua mnapigana na nini.

Kisha gawanyeni maji ya nyumba mara mbili. Watu watano wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku ni lita 100, yaani mitungi mitano. Kati ya hiyo, maji yanayoingia mdomoni, ya kunywa na kupikia, hayazidi mtungi mmoja na robo. Hayo tu ndiyo ya kuyagharimia: ya mvua, au ya chanzo kilichopimwa kikaonekana salama. Mengine ya kuoga na kufua yanaweza kuwa ya chumvi. Paa la mita 40 za mraba likinyeshewa milimita 10 linatoa lita 400, ukitoa yanayomwagika na kukauka unabaki na kama 320. Mvua huko ni ya nadra, lakini ikija inakuja kwa kishindo, kwa hiyo mifereji iwe tayari kabla. Lita 40 za kwanza zimwage, zimeosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Tangi la lita 1,000 linawatosha siku saba na nusu, ukiacha robo ya kubaki ndani. Liwekeeni kivuli, la sivyo saa nane mchana mtaoga maji ya chai. Lisiachwe tupu kabisa: upepo wa Loiyangalani unalibeba tangi tupu. Robo ya maji ibaki ndani daima, na kamba juu yake.

Kuua vijidudu, kidonge cha klorini cha miligramu 67 kinatosha lita 20 za maji maangavu, subiri nusu saa. Yakiwa na tope, yaache yatulie usiku kucha, mimina ya juu kupitia kitambaa kilichokunjwa mara nne, ndipo utie dawa. Klorini ikikuta tope inaishia kwenye tope.

Na jikoni: usilainishe maharagwe kwa magadi. Magadi yenyewe yana floraidi. Maji magumu huchelewesha maharagwe kuiva, ndiyo maana watu hukimbilia magadi, basi nunua sufuria ya presha hapa Nairobi na ubebe mpira wake wa akiba na vali ya akiba. Huko hutavipata.

Mzee wa Laga

Nyongeza kwa Fundi. Tangi tupu linalipiwa nafasi kwenye lori kama mzigo kamili. Lijazeni mito, mablanketi na nguo kabla ya kulipakia, nafasi ni ileile.

Muuguzi Zamu ya Usiku

Joto kwanza. Nairobi iko juu kwa mita 1,700 hivi, ufuko wa Turkana uko kama mita 360. Mwili wa mtoto unahitaji siku 10 hadi 14 kuzoea. Wiki mbili za mwanzo wasicheze juani kati ya saa tano na saa kumi, wanywe maji kabla ya kusikia kiu, na ukague mkojo: ukiwa wa rangi ya chai kavu, hawanywi vya kutosha. Vidonge vya chumvi usiwape. Mtoto akiwa na ngozi ya moto, anaongea ovyo au anatapika, huo si uchovu: kivulini, vua nguo, lowesha mwili mzima, pepea, na njia ya kituo cha afya ianze hapohapo. Upepo wa huko unadanganya kwa sababu unakausha jasho kabla hujaliona.

Maji ya chumvichumvi huwaharisha wageni siku za mwanzo hata bila vijidudu. Beba pakiti 20 za chumvi ya kuongeza maji mwilini, zile zinazouzwa pamoja na vidonge vya zinki. Soma pakiti, nyingine ni za nusu lita na nyingine za lita moja, na kukosea hapo ni hatari: ikiwa nzito mno inavuta maji kutoka mwilini badala ya kuyarudisha. Zinki kwa watoto wako ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kuhara kukiisha. Pakiti zikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari visivyorundikwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ukishachanganya, tumia ndani ya saa 24 kisha umwage.

Dawa: epuka zile za unga zinazochanganywa na maji, nyingi hudumu wiki moja tu na zinataka baridi. Daktari akikuandikia amoksilini, muulize ile ya vidonge vinavyoyeyuka kwenye kijiko cha maji. Dawa za kupachika nyuma huyeyuka zenyewe kwenye joto lile, ziache Nairobi. Kipimajoto beba viwili.

Homa isitibiwe kwa kubahatisha. Malaria kaskazini huja kwa mlipuko baada ya mvua, na kwa kuwa watu hawana kinga ya kuzoea, inapiga vibaya. Mtoto apimwe siku hiyohiyo. Kuna pia kala-azar, inayoenezwa na usubi mdogo kuliko mbu, unaojificha kwenye vichuguu na nyufa za kuta na kuuma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Homa ikizidi wiki mbili, mtoto anakonda na tumbo linavimba upande wa kushoto, sema neno "kala-azar" wewe mwenyewe kwa mhudumu na uulize kipimo chake cha haraka. Isipotibiwa inaua. Ikigunduliwa mapema inatibika, ila ni sindano za kila siku kwa zaidi ya wiki mbili. Usubi hupenya matundu ya chandarua cha kawaida, kwa hiyo kiwe chenye dawa, kiingizwe chini ya godoro. Watoto wasicheze kwenye vichuguu jioni.

Nge na nyoka: walale kitandani, si sakafuni. Viatu vikung'utwe kila asubuhi, hiyo iwe sheria ya nyumba. Ile tochi ya mwanga wa zambarau wanayotumia kukagulia noti inamfanya nge ang'ae gizani, ipitishe chini ya vitanda kabla ya kulala. Nyoka akiuma: usichane, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Mguu usichezeshwe, funga na ubao, mbebe mgonjwa, asitembee. Kuna swila watema sumu huko. Sumu ikiingia machoni suuza kwa maji mengi robo saa bila kuacha, kisha kituoni. Wiki ya kwanza uliza kituo kipi kina dawa ya sumu ya nyoka, maana si kila kimoja kinayo, na ujue gari la nani litawapeleka saa nane usiku.

Maziwa yote yachemshwe, ya ngamia pia. Mtakaribishwa maziwa mabichi kwa heshima, na mnaweza kusema kwa heshima kwamba watoto wanakunywa chai. Homa ya maziwa mabichi inayojirudiarudia huchukuliwa kuwa malaria na kutibiwa visivyo kwa miezi. Mikono ioshwe baada ya kucheza na mbwa: mayai ya mnyoo wa mbwa hutengeneza uvimbe wa maji kwenye ini, na Turkana imejulikana kwa ugonjwa huo kwa miaka mingi. Nyuso zioshwe asubuhi na jioni kwa sababu ya nzi wa macho na trakoma. Kikombe kimoja cha maji kinatosha nyuso tatu.

Kabla ya kuondoka, watoto wote wasajiliwe SHA, bima ya afya ya serikali, kama wategemezi wako (*147#, uwe na vyeti vyao vya kuzaliwa), na Kitabu cha Afya ya Mama na Mtoto cha huyo wa miaka 4 kisiingie kwenye lori. Kisafiri mkononi. Bado ana haki ya vitamini A kila miezi sita hadi afike 5.

Jua Kali 12V

Umeme wa nyumba ya vyumba viwili. Taa tatu za wati 5 kwa saa tano ni wati-saa 75. Feni moja ya volti 12, wati 15, kwa saa nane usiku ni 120. Simu mbili na redio weka 30. Jumla 225. Paneli ya wati 100 jua la huko itakupa kama 350 kwa siku ukishatoa joto, vumbi na upotevu wa nyaya. Inatosha, na inabaki.

Betri ndiyo watu hukosea. Ile ya maji au jeli ya 100Ah ina wati-saa 1,200, lakini ukishusha chini ya nusu kila siku unaiua, kwa hiyo hesabu 600. Na joto: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha yake kwa karibu nusu. Usiiweke chini ya mabati. Iwe sakafuni, chumba chenye kivuli kirefu, juu ya kipande cha ubao. Ya lithiamu ya 50Ah inafanya kazi hiyohiyo na ni nyepesi kwa usafiri, bei ndiyo kubwa. Nunua na kidhibiti chake kinachokubali lithiamu, usichanganye.

Paneli ifungwe kwa boliti na nati za kujifunga hadi kwenye mbao za paa, isifungwe kwenye bati. Mradi wa Sarima uliwekwa pale kwa sababu ya upepo, na upepo haubagui mitambo na paneli yako. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu asubuhi, usimwagie maji ya chumvi, yanaacha ukoko.

Mama Watatu

Asanteni sana, nimechapisha majibu yote. Maswali mawili ya ziada: friji nibebe? Na huyu wa Gredi ya 6, KPSEA, ule mtihani wa taifa wa Gredi ya 6, si itamvuruga?

Jua Kali 12V

Friji ndogo ya volti 12 kwenye joto lile inakula wati-saa 400 na zaidi kwa siku. Yaani paneli nyingine mbili na betri nyingine. Mwaka wa kwanza usibebe. Kwa maji ya kunywa, hewa ni kavu na upepo haukosekani, kwa hiyo mtungi wa udongo usiopakwa rangi, ukiwekwa kivulini upeponi, unapoza vizuri. Maziwa tumia ya unga. Nyama ya mbuzi inachinjwa na kuliwa siku hiyohiyo, samaki vilevile.

Muuguzi Zamu ya Usiku

Isipokuwa kama kuna mtu nyumbani anayetumia insulini. Hapo friji inakuja kwanza, feni baadaye.

Mwalimu Chaki

Mama, Gredi ya 6 hataharibikiwa mkiwahi. Usajili wa KNEC, baraza la mitihani, hufanyika mwanzoni mwa mwaka. Akiingia shule mpya Januari atasajiliwa hukohuko kama mtahiniwa wa huko. Akichelewa na kusajiliwa Nairobi, itabidi arudishwe Nairobi kufanya mtihani, hiyo ndiyo mvurugo.

Utaratibu: kabla shule haijafungwa, mwone mwalimu mkuu wa sasa akupe barua ya uhamisho, ripoti za tathmini na namba ya UPI (ya kumtambulisha mwanafunzi) ya kila mtoto, na amwachilie mtoto kwenye mfumo wa wizara. Shule mpya haiwezi kumpokea mfumoni kama ya zamani haijamwachilia, na mwalimu mkuu akienda likizo Desemba mtamtafuta kwa simu hadi Februari. Wa 11 ana pia namba ya tathmini ya KNEC kutoka Gredi ya 3, iandike mahali pawili. Vyeti vya kuzaliwa, halisi na nakala tatu.

Vitabu vya kiada hutolewa na serikali. Vya hadithi ndivyo havipatikani, chukua 15 au 20, vya Kiswahili viwe vingi. Loiyangalani ina Waturkana, Wasamburu, Warendille na Waelmolo, na uwanjani watoto hukutana kwenye Kiswahili, kwa hiyo wako hawataanza wakiwa mabubu. Ila wasifike na Sheng ya Umoja wakadhani wenzao ni wajinga kwa kutoielewa. Wafundishe salamu kabla ya safari: Kiturkana "ejok", Kisamburu "supa". Mtoto anayesalimia kwanza anapata marafiki siku ya kwanza.

Binti Kulal

Nijibu lile la mwisho ambalo wote wamelipita.

Kumbukumbu za watu wazima wengi huanzia miaka 3 au 4. Huyo mdogo yuko mpakani: Umoja ataisahau karibu yote, na miezi ya kwanza ya Loiyangalani ataikumbuka vipandevipande. Kitakachobaki ni kile mnachokizungumza naye. Maswali ya ndiyo na hapana hayasaidii. "Ulipenda ziwa?" anajibu ndiyo, mazungumzo yameisha. Uliza "tulipofika ziwani nani alikuwa wa kwanza kuona mamba, na wewe ulifanya nini?" Aeleze yeye, wewe ongeza jina la mahali na la mtu. Dakika tano wakati wa chakula cha jioni zinatosha.

Wa 7 na wa 11 watakumbuka wenyewe, na watakumbuka zaidi namna walivyoambiwa. Waambieni wiki sita kabla, wote pamoja, na kazi yenyewe na muda wake. Usiseme "tutarudi karibuni" kama hujui. Mtoto wa 11 anahesabu miezi, na ahadi ikivunjika ndiyo hiyo atakayoishika. Yeye mpe mpango wa marafiki: siku maalumu ya kupiga simu, mfano Jumamosi jioni, iwekwe kabla hamjaondoka.

Kila mtoto awe na sanduku lake, kipimo cha katoni moja ya sabuni, achague mwenyewe kinachoingia. Usichungulie ukasema "hii takataka ya nini". Hayo masanduku yasafiri na nyinyi, yasitangulie na lori. Mkifika, kitanda na chandarua cha mtoto vitangulie kufungwa kabla ya jiko, na saa ya kulala ibaki ileile ya Nairobi. Huyo mdogo akianza kukojoa kitandani au kung'ang'ania sketi yako, mpe wiki chache bila kumgombeza. Ukipita mwezi na nusu bila nafuu, mwone muuguzi.

Waonyesheni mahali kwa majina: Kulal mashariki, ziwa magharibi, Komote wanakoishi Waelmolo, mikoma inayotoa kivuli na kuti. Mtoto anayejua jina la mlima anauona kila siku. Kuna tamasha la tamaduni za Ziwa Turkana lililoanza 2008, ulizia tarehe mkifika. Ziwani wasiogelee hata wakiona watoto wengine wanaingia, mamba wapo, na wenyeji wanajua ufuko upi na saa ipi.

Picha za watu ombeni ruhusa kwanza, na wafundishe watoto hivyohivyo. Kila mwezi rekodi sauti ya kila mtoto dakika tatu, aanze kwa kutaja tarehe, mahali na nani yuko pale. Sauti ya miaka 4 hairudi. Nakala moja kwenye kadi, nyingine itumie ndugu Nairobi siku mtandao ukiwa mzuri. Picha chache zichapisheni. Albamu zile za gundi hushikana na picha kwenye joto na zinachanika, tumia za mifuko au za pembe za karatasi, na nyuma andika kwa penseli.

Mama Watatu

Binti Kulal, asante. Wiki sita kabla ni wiki ijayo.

Mzee wa Laga

Dogo la mwisho, mama. Beba pesa taslimu za wiki tatu, noti ndogondogo. M-Pesa inafanya kazi, ila wakala akiishiwa pesa hana pa kuzitoa siku hiyo, na siku mtandao ukianguka duka halikopeshi mgeni. Mafuta ya gari jazeni Isiolo na tena Laisamis kama yapo, pamoja na mtungi wa lita 20 wa akiba uliofungwa vizuri nyuma, mbali na watoto.